Jiwe langu limeelea mbele ya mama mkwe

Leo nimeaibika. Siyo ile aibu ndogo ya kuteleza sokoni, ukainuka, ukajipangusa, maisha yakaendelea. Nimeaibika mpaka masikio yakawaka moto. Nawasimulia mwenyewe mapema, kabla video haijawafikia. (Ndiyo, kuna video.)

Kwa wasionijua, mimi ni Placide, fundi wa kuweka karo, yaani vigae vya sakafu, hapa Kolwezi, naishi Musonoi. Sakafu zangu hazina kasoro. Kasoro ni mdomo. Mdomo wangu hupokea kazi kabla kichwa hakijaulizwa.

Nina mchumba, Solange, mwaka wa pili sasa. Baba yake, Tata Kasongo, ni mzee mstaafu aliyesoma mawe ya migodi maisha yake yote. Ukimpa kokoto atakwambia ilitoka shimo gani. Mzee huyo ana kipenzi kimoja ndani ya nyumba: tangi la kioo la samaki wa baharini. Baharini, jamani, sisi wa Lualaba! Mgeni mmoja alimwachia alipomaliza mkataba wake wa kazi. Sasa mzee anakoroga maji na chumvi maalumu kwa mkono wake, anapima, anaonja, anafuga samaki wawili wa rangi ya chungwa, krevete (kamba wadogo) watatu na vipande vya matumbawe. Bahari yenyewe hajawahi kuiona. Wala mimi.

Mwezi uliopita mzee alilalamika kwamba kioo cha nyuma kiko uchi, waya na mipira ya maji vyote vinaonekana. Alitamani ukuta wa mawe, wenye mapango, samaki wajione wako kwao. Mdomo wangu huo!

"Tata, uniachie mimi. Ukuta njo kazi yangu."

Nikajenga. Nilitafuta frigoliti, lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye katoni za televisheni, nikaichonga kwa kisu: mapango, mabega, nyufa. Nilitaka kuipamba kwa unga wa lile jiwe letu la kijani, linapendeza sana. Mzee aliposikia alishika kifua.

"Shaba? Mu mayi yangu? Ile inaua krevete, tata!"

Hebu fikirieni. Mji mzima unakula kwa shaba, na mahali pekee shaba imepigwa marufuku ni nyumbani kwa mkwe wangu. Basi nikapaka saruji nyembamba yenye rangi nyeusi kidogo, nikailoweka wiki tatu kwenye pipa, ukali wa saruji utoke. Kila nilipoitia majini ilipanda juu, kwa hiyo niliikandamiza kwa matofali mawili. (Hapo mwenye akili angejiuliza swali. Mimi nilikwenda kula.)

Sasa leo. Leo haikuwa siku ya mchezo. Tantine Béa, dada yake Tata Kasongo, alifika juzi kutoka Sandoa kuja kunitazama. Familia ingekaa, ingenipima, na kabla ya chakula cha mchana ingesema kama wazee wangu wanaruhusiwa kuja kuposa au la. Miaka miwili nimeingoja siku hii. Na mimi, kwa ujanja wangu, nikaamua kuuleta ukuta leo leo, wanione mtu wa vitendo.

Wenye pikipiki wawili walinikataa. Mmoja alisema: "Ile jiwe itavunja moto yangu," yaani pikipiki. Nikaubeba kichwani kwa mkono mmoja, huku napiga mluzi. Mnajua barabara ya Musonoi asubuhi, wachimbaji wametapakaa. Wakasimama wote.

"Muone ile mutu! Anabeba jiwe yote ile na mukono moya!"

"Alikula nini?"

Nikatanua kifua. (Ningekuwa na tausi ndani yangu angetandaza mkia.) Mchimbaji mmoja, mtu mzima mwenye nywele nyekundu kwa vumbi, alinisogelea akainyanyua pembe moja kwa kidole. Akacheka.

"Eh, iko nyepesi! Unaipeleka wapi?"

"Mu mayi, kwa mukwe yangu."

"Mu mayi? Na haitapanda yulu?"

"Weye chimba, mi nijenge," nilimjibu, nikaondoka na dharau zangu. Kaka, popote ulipo, nisamehe.

Kabla sijafika ndani, niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa. Kwa kina Solange bado wanaheshimu ukwe wa zamani. Mkwe na mama wa mke hawakutani uso kwa uso. Mama akiingia, wewe unapisha na kugeuka. Humpi mkono. Humsemeshi. Mama Solange hajanitamkia neno tangu nianze kuingia nyumba ile. Nikiwa sebuleni anapitia mlango wa nyuma. Husema jikoni, kwa sauti ambayo hata jirani anaisikia: "Solange, ambia mugeni yako chakula iko tayari." Nami namjibu Solange, ambaye wakati huo amesimama katikati akikagua kucha zake.

Basi nikafika. Tata Kasongo alikuwa ameshawahamishia samaki na krevete wake kwenye ndoo yenye pampu, ila maji ya tangi yalibaki zaidi ya nusu. Hakutaka kuyamwaga, ameyapika mwenyewe. Tantine Béa alikaa kwenye kiti kikubwa, miguu amekunja, simu mkononi, akinirekodi "kwa ajili ya bale ba Sandoa."

Mzee akautazama ukuta wangu kwa muda mrefu. Akaugonga. Akasema ni mzuri! Mtu aliyesoma mawe maisha yote! Nilitaka kulia.

Kisha akauliza kwa upole: "Placide, ile gamu yako, haitake kioo ikauke kwanza?"

Swali la haki. Ukuta wa namna hii unabandikwa kwa silikoni, ndiyo gamu yenyewe, kwenye kioo kikavu, unauacha siku mbili, ndipo unatia maji. Nilikuwa najua. Silikoni ilikuwa mfukoni. Lakini siku mbili! Na jibu linatoka mchana!

"Tata, hakuna lazima ya gamu. Uzito yake itauketisha."

Uzito wake. Nilisema hivyo. Imerekodiwa.

Nikapanda kwenye kiti kidogo, nikautumbukiza. Ukarudi juu. Nikaushindilia tena. Ukarudi, sasa kwa hasira. Nikaukandamiza kwa mikono miwili, maji mpaka kwenye viwiko, kidevu kwenye ukingo wa kioo, mpaka ukagusa chini. Ukatulia.

"Munaona? Inatulia," nikasema, huku nimeulalia.

"Naona ni weye unatulia yulu yake," Tantine akajibu.

Mzee hakunicheka. Alisema ngoja nilete mawe mawili ya kuufunga pale chini, akatoka uani. Nikajua ni dakika moja. Ua wa Tata Kasongo umejaa mawe, ameyakusanya tangu ujana. Lakini hayo mawe mnayajua ni ya wapi! Nilimsikia kupitia dirisha akiokota na kutupa: "Hii, shaba. Hii, shaba. Hii... ah, shaba." Mtu anatafuta jiwe lisilo na shaba Kolwezi, na mimi niko juu ya kiti, mikono imekufa ganzi.

Hapo mlango ukafunguka.

Mama Solange. Amevaa kitenge kipya, kilemba kirefu, mikononi sahani za wageni. Alidhani nimetoka uani na mzee. Akaingia moja kwa moja mpaka karibu na tangi kabla hajaniona. Tukatazamana. Mimi nimesimama juu kuliko yeye, kidevu kwenye kioo.

Marehemu bibi yangu alinilea vizuri. Malezi hayo ndiyo yaliyoniponza. Mwili haukuniuliza. Nilitoa mikono yote miwili majini, nikashuka kwenye kiti, nikageukia ukuta wa sebule na kuinamisha kichwa kwa heshima zote.

Mikono yote miwili.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya maji kama ndoo inayomwagwa kwa hasira, halafu mlio wa sahani zikianguka. Nikageuka. Ukuta wangu ulikuwa umeruka nje ya tangi, umelala sakafuni mzima, hata pango moja halijapasuka. Maji ya bahari yalikuwa juu ya Mama Solange. Kilemba kimeanguka begani.

"Macho yangu! Ile chumvi! Macho yangu!"

Na hapa, ndugu zangu, ningeweza kumwita Solange. Ningeweza kumwita Tantine, ambaye alikuwa na macho yote mawili na simu juu. Mimi nilivuta kitambaa begani kwangu, nikamshika mama mkwe kichwa kwa mkono mmoja, nikampangusa uso. Macho. Pua. Mashavu yote mawili. Kwa bidii, kama napangusa karo. Na kitambaa chenyewe kilikuwa cha kupangusia saruji.

Nilipomaliza alikuwa na mistari ya kijivu mpaka kwenye masikio. Ndipo nikakumbuka huyu ni nani.

"Mama yangu eee!" Tantine akapiga kelele. "Amemupanguza! Mama mukwe yake! Amemupanguza sawa mutoto!"

Solange akaja mbio kutoka jikoni, akaona, akauma ncha ya kitenge chake. Tata Kasongo akaingia na jiwe kifuani, anatabasamu: "Nimepata moya!" Akaangalia sakafu. Akaangalia ukuta. Akamwangalia mke wake. Akauliza:

"Krevete beko bazima?"

"Kasongo!" mama akafoka. "Unauliza krevete?"

Nikapiga magoti palepale kwenye maji. Niliogopa kweli, sitanii. Nilimwona Solange anaondoka mikononi mwangu kwa sababu ya povu la katoni ya televisheni.

Halafu mama akasema: "Placide."

Nikainua kichwa. Miaka miwili! Sikujua hata kama analijua jina langu.

"Miaka mbili niko nakukimbia mu nyumba yangu. Napitia mulango ya nyuma sawa mwizi, ju ya kukuheshimu. Leo umenishika uso, na simenti yako. Haya imebakia wapi?"

"Haiko, mama."

"Haiko. Utaleta kuku mbili. Moya ya kunishika, moya ya kunimwangia mayi. Na usizitume na mutu. Bazee benu njo batazileta, posho hii."

Nikaanza kuhesabu kuku kichwani. Solange akanifinya bega. "Weye! Amesema bazee bakuye!"

Posho hii! Jumamosi! Wazee wangu wameitwa! Tantine Béa akapiga kigelegele mpaka simu ikamtoka mkononi. Mama akageuka kwenda kunawa, na nilimwona, naapa nilimwona, mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Alipita mlango wa mbele.

Tata Kasongo akauinua ukuta kwa kidole kimoja, akautazama tena, akatikisa kichwa.

"Mi nilisoma majiwe maisha yangu yote. Ya kuruka, sikuiona bado. Utaibandika na gamu, mu kioo ya kukauka, siku mbili. Na mu zile siku mbili, Placide, utanyamaza."

Sasa niko nyumbani, suruali imekauka na chumvi, inasimama yenyewe. Video imeshafika Sandoa. Msinicheke, nisaidieni tu: mwenye kuku wawili aniandikie. Lakini wawe wazito, nawaomba. Vitu vyepesi nimeshakoma.