Nilivyowatisha Wasiotishika

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza rasmi kazi ya kucheza poka, karata za pesa, mtandaoni. Meza ya madau madogo kabisa, lakini hata bingwa huanzia mahali. Shemeji, mume wa dada, hana imani. Tangu kiwanda cha mikate kinipunguze kazini, anataka nivae aproni nipange misumari kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi. Mimi! Tumepatana mbele ya dada: mtaji wangu ukifika Jumamosi jioni ukiwa hai, ananiacha na kipaji changu. Ukiisha, aproni. Nilikubali haraka mpaka nikamwonea huruma.

Nimeandika kanuni kwenye kipande cha boksi, nimekibandika juu ya meza ya chakula. Moja, cheza karata nzuri tu, nyingine tupa. Mbili, ingia mchezoni zaidi pale unapoamua wa mwisho, ukishaona wenzako wamefanya nini. Tatu, usiwatishe watu wa madau madogo kwa dau kubwa ukiwa na karata mbovu, maana hawakimbii, hawatupi zao. Nne, ukikasirika, inuka. Mwandiko safi sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimetupa karata mara arobaini na moja mfululizo. Nani mwingine ana nidhamu hiyo? Nilivaa miwani ya jua ili wapinzani wasinisome macho. Dada akauliza wananionaje kupitia simu. Nikairekebisha miwani. Mambo ya kitaalamu.

Mara ya arobaini na mbili, jozi ya wafalme! Nikashinda. Mtaji umenenepa. Nikamwambia shemeji atafute mtu mwingine wa misumari. Akaendelea kula, macho kwenye lile boksi.

Alhamisi, 6 Machi

Kutupa karata kunamchosha mtu mwenye akili. Leo nimepata saba na mbili, karata mbovu kuliko zote. Lakini kanuni zile ni za wanaoanza, na mimi hii ni siku ya nne. Nikaweka dau kubwa kuwatisha. Wote wakakimbia isipokuwa mmoja anayejiita Babu Chai. Nikaongeza. Akafuata, akaweka dau sawa na langu. Nikaongeza tena, uso nimeukunja kweli kweli. Akafuata! Alikuwa na jozi ndogo tu, nne mbili. Nne mbili! Mtu timamu angekimbia. Nusu ya mtaji imekwenda, lakini kwa hoja nilishinda mimi.

Dada akanionyesha kanuni ya tatu kwa ncha ya mwiko. Nikamweleza kwamba inawahusu wanaotisha vibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemfuata Babu Chai meza hadi meza. Hasira sina, nataka tu ajue mimi ni nani. Nimemtisha mara tano. Hatishiki! Dada akapiga kelele kutoka jikoni kwamba kanuni ya nne inasema niinuke. Nikainuka. Nikaendelea kucheza nimesimama.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne asubuhi mtaji umekata roho. Niliuweka wote mezani bila hata jozi. Babu Chai akafuata.

Nimeumia, sitaki kujidanganya. Nilijifungia bafuni mpaka dada akaja kubisha. Shemeji hakucheka. Aliniletea aproni, tena imepigwa pasi. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 10 Machi

Dukani. Misumari nimepanga vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuipanga. Mchana shemeji akanivuta nyuma ya mifuko ya saruji, akanionyesha simu yake kwa aibu. Kumbe tangu Jumatano naye anacheza, kwa kufuata boksi langu! Anatupa, anangoja, anaokota ushindi mdogo mdogo. Mtaji wake umeongezeka mara mbili. Mchezo hauna hata ladha. Nilimhurumia, nikamfundisha kutisha.

Saa kumi jioni alikuwa hana kitu. Dada hasemi na yeyote kati yetu. Shemeji ameomba somo la pili kesho. Siku ya kwanza tu kazini, na tayari mwenye duka ananiita mwalimu.