Sweta la Bwana Peck

Jumamosi, 2 Novemba
Leo nimeuona utajiri wa kweli kwa macho yangu mawili. Jalalani!

Nilikwenda kutupa maboksi, kama mji wote Jumamosi. Pale kwenye kibanda cha kuachiana vitu, ambako mtu huacha asichokitaka na mwingine akakichukua bure, alisimama mzee mmoja. Sweta limetoboka viwiko vyote viwili. Kiatu kimefungwa kwa utepe wa gundi. Suruali imeshikizwa kwa kamba ya mashua. Nikabaki mdomo wazi. Hana saa, hana nembo, hana mng'ao wowote, anachambua taa za mezani zilizotupwa kana kwamba dunia ni yake na hana haraka nayo. Nikamuuliza jina. Alden Peck. Nikamuuliza ukoo wake uko hapa tangu lini. Akasema tangu zamani, hakumbuki. Hakumbuki! Sisi tuliohamia juzi ndio tunaokumbuka.

Klabu ya tenisi ina nafasi moja ya uanachama, kuna mzee amefariki (apumzike kwa amani, ameondoka wakati mzuri). Nilimwahidi binti yangu Corinne kwamba harusi yake ya Juni itafanyika kwenye nyasi za klabu, zile zinazoteremka mpaka majini. Wanachama tu. Na ahadi ni deni. Sasa njia naijua. Nitakuwa Peck.

Jumatatu, 4 Novemba
Nimepiga msasa kola za mashati mapya. Moja limebaki bila kola. Mke wangu Darlene kanikuta gereji, akauliza nimefukuzwa kazi au nimerogwa. Nikamweleza kwamba wenye nacho hawajionyeshi, debe tupu ndilo huvuma. Akauliza debe letu sisi limejaa nini. Nikaendelea na msasa. Watu wazito hawajibu.

Shemeji yangu Duane naye anaitaka nafasi ile. Duane! Muuza mabwawa ya kuogelea, mkufu shingoni, marashi yanaingia ndani yeye bado yuko barabarani. Kanunua suruali ya njano yenye nyangumi waliotariziwa, anataka kwenda nayo kwenye chai ya klabu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Nikamwambia imempendeza sana.

Jumatano, 6 Novemba
Gari langu linang'aa mno. Wenyewe wa hapa huendesha magari kuukuu yaliyojaa mchanga na manyoya ya mbwa. Sisi hatuna mbwa. Nikaenda kwa mama anayenyoa mbwa, nikaomba manyoya. Akauliza ya nini. Nikasema ya kiti cha nyuma. Akanipa mfuko mzima na kufunga mlango kwa ufunguo.

Napiga chafya tangu mchana. Jicho la kushoto limejifunga. Lakini gari! Utadhani nimelirithi.

Jumamosi, 9 Novemba
Jalalani tena. Nikamwomba Bwana Peck tubadilishane masweta: langu jipya la sufu laini, lake lenye matundu. Akanitazama sana. Akasema, we kaka, una hakika? Hili lako lina joto, ujue. Kisha akalivua la kwake palepale, kwenye baridi ile.

Akaniambia hana kazi tangu kiwanda kifungwe, na nguo zake zote huziokota hapo kibandani. Mwili ulinisisimka. Kujikana namna hiyo, hadharani, bila hata kupepesa jicho! Nikamuuliza anaishi wapi. Chumba cha uani kwa dada yake, akasema. Yaani ukoo mzima bado uko kwenye kiwanja kimoja! Nilirudi nyumbani nikiendesha polepole, kwa heshima.

Jumapili, 17 Novemba
Chai ya klabu, nyumbani kwa Bibi Trowbridge, ambaye neno lake ndilo neno la klabu. Nilivaa sweta la Peck, na kiatu nikakifunga utepe.

Lo! Nyumba ile! Baridi mpaka unaona pumzi yako. Zulia limelika hadi mbao zinachungulia. Biskuti zimelainika, jibini limekauka, na yeye mwenyewe amejitupia koti la marehemu mumewe. Nilitamani kupiga magoti.

Kisha nikawaona wanaume. Suruali za waridi! Suruali za kijani zenye mabata! Mzee mmoja wa miaka themanini kavaa rangi ya tikitimaji, na hakuna aliyecheka. Katikati yao Duane na nyangumi wake, kakaa kama aliyezaliwa pale. Mimi peke yangu rangi ya uji.

Nikajikaza. Nikamsifu Bibi Trowbridge kwa umaridadi wake usiopiga kelele. Akasema umaridadi gani, koti lenyewe lilikuwa limening'inia tu mlangoni. Akakitazama kiatu changu. Akauliza taratibu kama nyumbani tunakula vizuri. Nikajibu kwa unyenyekevu wa Peck kwamba tunajikongoja. Akanishika mkono, machozi yakamlengalenga. Nimepata!

Duane akamropokea kwamba paa la nyumba ile linavuja na zulia limekwisha. Kwisha habari yake.

Jumanne, 26 Novemba
Duane kachukua nafasi. Eti kamchekesha Bibi Trowbridge, na suruali yake imemkumbusha marehemu.

Corinne kapiga simu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Duane alikuwa ameshamwambia nyasi za klabu ni zake, aalike anaowataka. Alikuwa analia kwa furaha. Mimi nimelia ndani ya gari. Darlene anasema ni manyoya.

Jumatano, 27 Novemba
Kesho ni Sikukuu ya Shukrani, na asubuhi hii umeletwa mlangoni mzigo: bata mzinga, viazi vitamu, makopo ya maharage, koti zito. Umetoka kwa kamati ya kanisa ya kusaidia familia zenye shida, na aliyeubeba ni Bibi Trowbridge mwenyewe. Darlene kajifungia bafuni. Mwaka jana yeye ndiye aliyepanga vikapu hivyo vya msaada.

Garini kwa Bibi alikuwemo Bwana Peck, na sweta langu mwilini, na kikapu chake magotini. Akateremsha kioo. Akasema, usione haya, kaka, haya mambo hupita.

Nilisimama kizingitini mpaka gari likapotea. Ndipo nikaelewa yote. Duane wamempa kadi ya klabu, na kadi hupewa yeyote. Mimi nimeletewa bata mzinga na Bibi Trowbridge kwa mkono wake, kimyakimya, na Peck akiwa shahidi. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyopokeana! Harusini nitavaa sweta langu lenye matundu, na wenye macho wataona.

Koti nimeshalivaa. Mfuko wa kulia una tundu. Mungu wangu, una tundu!