Nilifunga Barabara, Mzee Akaliliwa Akiwa Mzima

Jamani, leo sina pa kuuficha uso wangu.

Mnajua nilivyohangaika kuomba ruhusa ya kufunga barabara yetu hapa Kamembe, majirani tule pamoja na watoto wacheze bila kukwepa pikipiki. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, Mzee Kabera, alinizungusha wee! Juzi, akiwa kitandani na malaria, akakubali.

"Sawa, Papa Aline. Lakini uweke kitu yenye bantu bataona toka mbali. Na sitaki vurugu. Nikisikia vurugu, usirudie kuniomba tena."

Vurugu? Mimi? (Mimi ni mtu wa mipango.)

Leo nikakata matawi ya michikichi, nikayalaza barabarani, mwanzo wa mtaa na mwisho. Yalipendeza! Hema nikalisimamisha mbele ya lango la Mzee, maana mtaa wetu ni mteremko mtupu na pale tu ndipo tambarare. Viti nikavipanga kulitazama lango. Kujaribu spika, nikaweka wimbo wa kanisani, ule wa polepole. (Heshima kwa mgonjwa.)

Mara Maman Furaha, anayeuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, ng'ambo ya mpaka huko Bukavu, akatokea na wenzake wakitoka sokoni. Akaona matawi. Akaona hema. Beseni likamponyoka.

"Yoo! Mzee wetu! Unatuacha na nani?"

Wote wakaangua kilio. Mmoja akagaagaa chini! Nami nimekulia Bukavu, jamani. Matawi ya michikichi barabarani ni matanga, hata mtoto anajua. Nilisahau vipi? Nikaganda, maikrofoni mkononi.

Lango likafunguka. Mzee Kabera, blanketi mabegani.

"Nani amekufa?"

"Njo wewe umekufa, Mzee!" akajibu Maman Furaha, machozi yakimtiririka. Kisha akamtazama vizuri, akapiga ukelele, akatimua mbio.

Nikajua ruhusa imekufa kweli. Nikaanza kukusanya matawi.

"Acha," Mzee akasema, akikaa kiti cha mbele. "Hawa bamaman bamenililia muzuri. Bakule."

Tukala. Watoto wakacheza hadi wakachoka. Hata Maman Furaha alirudi. Nikapumua, nikamsogelea Mzee kumshukuru na kumwomba ruhusa ya mwaka ujao.

Akanitazama kwanza.

"Bote balinililia. Wewe peke yako ulikuwa unapiga miziki."

Barabara nimeifungua. Msinicheke. Anayejua kulia vizuri aje anifundishe, nina mwaka mmoja tu.