Tochi Iliyoitwa Mama Mkwe

Bwana huyu jina lake la kuzaliwa hata mkewe alishaanza kulisahau. Mtaani walimwita Siagi, kwa sababu maneno yake yalikuwa yanateleza. Unaanza naye habari za mvua tu, ukija kushtuka umebeba kitu usichokihitaji, mfuko umekuwa mwepesi, na bado unamshukuru.

Basi asubuhi hiyo Siagi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado, mara akaingia mwenye ghala la saruji na mbao. Huyu naye alikuwa na jina la mtaani, Bwana Punguza. Daktari alimwandikia vidonge sita, yeye akauliza kama vinne haviwezi kutosha.

"Walinzi wangu wataniua," Bwana Punguza akamwambia kinyozi. "Jana mmoja kaparamia rundo la mbao, jino limeng'oka. Eti tochi ilimzimikia njiani! Wanataka tochi za maana. Imulike mpaka ukuta wa mwisho, ikidondoka isife, ikinyeshewa isife, na mtu aweze kuitumia hata nyumbani akitafuta kiatu uvunguni. Wanataka thelathini! Nimeuliza bei madukani, wanataka kuninyoa bila maji."

"Kaa basi nikunyoe na maji," akasema kinyozi.

Siagi akaruka kitini kama kaumwa na siafu. "Imetosha, ndugu yangu."

"Imetosha nini? Nusu bado!"

"Nusu hii inatosha kwa leo." Akavaa kofia yake, akaishusha mpaka masikioni, akatoka mbio.

Sasa tochi ina mambo yake. Mtu akienda kununua, kwanza anaipima mkononi, ikiwa nzito anatikisa kichwa, anasema hii ndiyo yenyewe. Halafu anaigonga kwa ukucha, kana kwamba anachagua tikiti maji. Kisha anajimulika machoni mwenyewe, anapofuka kidogo, na kwa upofu huo huo anatoa hela. Haulizi betri inakaa saa ngapi. Hafungui kifuniko aone kama kuna mpira wa kuzuia maji. Siagi aliwajua watu hao vizuri, maana ndio waliokuwa wakimlisha.

Alikuwa na tochi moja ya kweli. Moja tu. Chuma kitupu, kioo kinene, ndani mpira wa kuzuia maji, mwanga wake unafika mtaa wa pili. Aliiita Mama Mkwe, kwa sababu haivunjiki, haichoki, na inaona mpaka uvunguni. Hiyo ndiyo aliyoidondosha, akaizamisha, akaikanyaga mbele za watu mwaka wa sita sasa. Zile alizowauzia ni bati jembamba lililopakwa rangi nyeusi, kijitaa cha kubembelezea mbu, na tumboni mchanga. Mchanga huo aliuchekecha mwenyewe, akaketi jikoni na mizani ya mkewe, kijiko kwa kijiko, mpaka kila moja ikalingana uzito na Mama Mkwe. Akifumba macho hata yeye hakujua ipi ni ipi, na jambo hilo alijivunia kuliko watoto wake. Kwa nje tofauti ilikuwa kwenye swichi tu. Ya Mama Mkwe ilikuwa imechubuka rangi kwa kidole gumba chake, kama kizingiti cha mlango.

Bila Mama Mkwe, Siagi alikuwa mtu mwenye makatoni ya mchanga. Hilo alilijua, na lilimtoa jasho.

Saa nne alikuwa uani kwa Bwana Punguza na katoni lake.

"Bosi, kuna kampuni ilikuwa inachimba handaki. Mradi umefungwa ghafla. Tochi zimebaki, na mimi nimeachiwa nizimalize kabla ya wao kufunga virago. Sikuja kufanya biashara. Nimekuja kutua mzigo."

"Hizi si zitakufa kesho?"

Siagi akatabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyetukaniwa mtoto. Akapanda ngazi mpaka juu ya paa la ofisi, akaiachia Mama Mkwe. Ikadunda kwenye sakafu, inawaka. Akaizamisha kwenye ndoo, ikawaka humo ndani maji yakang'aa. Akamwita msukuma mkokoteni aliyebeba mifuko minane ya saruji. "Kaka, pita juu." Mkokoteni ukapita. Walinzi wakapiga makofi, na yule wa jino akapiga zaidi.

"Punguza," akasema Bwana Punguza.

"Bosi, hiyo bei ni ya msiba."

"Punguza kidogo tu."

Siagi akageuka, akafuta chozi ambalo halikuwepo. "Chukua. Watoto wangu watakula upepo."

Bwana Punguza akakaribia kucheka kwa sauti. Alijiona mwizi mkubwa, kamnyang'anya mnyonge mchana kweupe. Na mtu akishajiona mwizi, hakumbuki kuangalia mfuko wake.

Hapo ndipo alipotoka Shangazi.

Alikuwa shangazi kweli, dada wa baba yake Bwana Punguza, ndiye aliyeshika stoo. Miwani imefungwa kwa kamba, funguo kiunoni zinalia, na mpwa wake mwenyewe alipomwona alishusha sauti.

"Shikamoo, Shangazi," Siagi akawahi.

"Marahaba, mwanangu. Ipi iliyodondoshwa?"

"Hii, Shangazi, lakini hii ni ya kuonyeshea tu. Zenu ziko katonini."

Shangazi akaipokea, akaigeuza, akaitazama swichi kwa muda. Kisha akatoa uzi mwekundu mfukoni, akaifunga shingoni mafundo matatu. "Stoo hii ina utaratibu wake. Kilichojaribiwa ndicho kilichopokelewa. Hiki kitu cha kwanza. Hizo nyingine ishirini na tisa zitafuata."

"Shangazi, hiyo si ya kuuza! Hiyo ni... ni ya marehemu baba."

"Baba yako alikuwa anachimba handaki?"

Walinzi wakacheka. Siagi naye akacheka, ila meno tu.

"Basi kama hiyo haiuzwi, na hizo nyingine hazinunuliwi," akasema Shangazi. "Beba katoni lako."

Bwana Punguza akaruka. "Shangazi, usiniharibie! Bei hii siipati tena! " Akamgeukia Siagi. "Bwana wee, iache, njoo kesho uchukue nusu ya hela, nusu nyingine Jumamosi."

Siagi akafikiri haraka. Nusu ya hela ilizidi mara tano gharama ya bati na mchanga. Na Mama Mkwe? Kesho ni siku. Akainama kwa adabu, akaenda zake. Nyuma yake uzi mwekundu ukaingia stoo, na mlango wa chuma ukafungwa.

Nyumbani alichukua tochi ya mchanga, akaifunga uzi mwekundu mafundo matatu, akaichubua swichi kwa msasa taratibu mpaka ikawa pacha wa Mama Mkwe. Mkewe akachungulia. "Unamtengeneza nani tena?"

"Namkomboa mama yako."

"Mama yangu yuko sebuleni, anakunywa chai yako."

Kesho yake akafika amevaa koti refu, jua kali, watu wanamshangaa. Bwana Punguza akamhesabia nusu yake huku akihema kwa uchungu. Kisha Siagi akaomba kwa unyenyekevu aingie stoo, aweke saini kwenye daftari la mapokezi. Ndani kulikuwa na giza la saruji na vumbi. Juu ya rafu aliiona Mama Mkwe, uzi mwekundu shingoni.

"Subiri nitafute kalamu," akasema Shangazi, akainama chini ya meza. Akakaa huko muda mrefu kidogo, tena akikohoa.

Mkono wa Siagi ukaenda ukarudi. Ya kwenye rafu ikaingia kotini, ya kotini ikapanda rafuni. Aliyoichukua akaipima kwa kiganja, uzito ule ule. Akapitisha kidole gumba kwenye swichi, mchubuko ule ule. Moyo ukatulia. Akaweka saini ndefu yenye mikia.

"Mungu akujalie, Shangazi."

"Na wewe, mwanangu. Angalia usijikwae."

Kutoka hapo Siagi alitembea kama bwana harusi. Hela mfukoni, Mama Mkwe kwapani. Hakuiwasha hata kidogo, alikuwa akitunza betri. Akaenda moja kwa moja sokoni, kwenye uwanja mbele ya wauza mkaa, akapanda juu ya pipa.

"Mama zangu, kaka zangu! Tochi ya kwenda nayo shamba, ya kwenda nayo safari, ya kutafutia sindano nyumbani!"

"Maneno tu," akasema mama mmoja muuza mkaa, mikono kiunoni. "Mwaka jana niliuziwa moja, ikafa kabla sijafika kona."

"Mama, leo umekutana na mwanaume. Idondoshe hii mwenyewe. Ikivunjika, vyote vilivyo mfukoni mwangu ni vyako, mashahidi hawa hapa!"

"Vyote?"

"Mpaka vumbi la mfukoni!"

Mama akaipokea, akainyanyua juu ya kichwa kama mtu anayetwanga, akaipiga chini. Paa! Bati likafunguka kama ganda la njugu, na mchanga ukamwagika mwembamba, msafi, uliochekechwa vizuri. Siagi akautazama. Aliutambua. Ulikuwa mchanga wake mwenyewe.

Uwanja ukacheka mpaka mbwa wakakimbia. Katika kusukumana kofia ikamtoka, nusu kichwa kinang'aa, nusu kina nywele.

"Hata kichwa kauziwa nusu!" mtu akapiga kelele.

Mama muuza mkaa akanyoosha kiganja cheusi, akangoja. Siagi akatoa vyote. Mama akakagua, akasema, "Na vumbi je?" Siagi akageuza mifuko nje.

Alirudi ghalani mbio, koti linapepea, hasira imemjaa mpaka shingoni. Akamkuta Shangazi mlangoni pa stoo, amekaa kwenye mfuko wa saruji, anakunywa uji.

"Shangazi, nimekuja kulalamika!"

"Lalamika, mwanangu, nakusikiliza."

Siagi akainua kidole. Aseme nini? Kwamba tochi aliyowaibia ilikuwa mbovu?

Shangazi akapuliza uji. "Tochi mpya kutoka handakini, halafu swichi imechubuka kwa kidole cha mtu. Nikasema hii imeishi na mwenyewe muda mrefu, huyu hataiacha. Jana ulipoondoka nikadondosha moja ya katonini. Nikazoa mchanga. Nikachukua nyingine, nikaifunga uzi, na msasa stoo haukosekani. Umezipima vizuri lakini, hongera. Nilizishika zote mbili nikachanganyikiwa."

Hata katika hali ile Siagi alisikia raha kidogo kusifiwa kazi yake.

"Basi nirudishie yangu, Shangazi. Mnazo zenu."

"Utaratibu, mwanangu. Kilichojaribiwa ndicho kilichopokelewa. Saini yako hii hapa, ina mikia."

Mara uani kukasikika kishindo. Siagi akageuka. Juu ya paa la ofisi alisimama Bwana Punguza, mikono mitupu, na chini kwenye sakafu Mama Mkwe inawaka. Mbele yake wamesimama wanunuzi watatu, mafundi wa majengo, na pembeni katoni lile lile.

"Sikuja kufanya biashara!" Bwana Punguza akawaambia, akishuka ngazi kwa huzuni. "Natua mzigo tu! Kuna kampuni ilikuwa inachimba handaki..."

Siagi akashika kichwa, pande zote mbili. "Anazijua? Anajua zina mchanga?"

"Nilimwonyesha," akasema Shangazi. "Akauliza kama na mchanga unauzika."

"We, bwana!" Bwana Punguza akamwona. "Umesimama nini? Shika hiyo ndoo, nikuongezee kikombe cha chai. Nusu kikombe."

Siagi akaishika ndoo. Angefanyaje? Mfuko ulikuwa umegeuzwa nje. Akasogea nayo, maji yanacheza, na Mama Mkwe ikazamishwa mbele ya macho yake, ikawaka humo ndani kama zamani, kama vile haimjui. Mafundi wakaguna kwa kukubali. Mkubwa wao akaanza kupima moja ya katonini mkononi, akaigonga kwa ukucha, akataka kujimulika machoni.

Siagi akamsogelea na ndoo yake, akanong'ona bila kumtazama, "Mzee. Omba ile iliyolowa."

Fundi akasimama. Akaiweka ya katonini chini. Akaingiza mkono kwenye ndoo, akaitoa Mama Mkwe inachuruzika maji, akapitisha kidole gumba kwenye swichi.

"Nataka hii hii," akasema. "Na nyingine zote zidondoshwe kwanza, moja moja, niko hapa nasubiri."

Bwana Punguza akaliburuta katoni nyuma ya miguu yake. Siagi akacheka mpaka maji yakamwagikia viatuni. Na Shangazi akaweka uji chini taratibu, akaingiza mkono mfukoni, akaanza kutafuta uzi mwekundu. "Kilichojaribiwa," akasema, "ndicho kilichouzwa."