Kocha wa Nne Ni Shemeji

Jumamosi, tarehe 4 Machi
Mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke kwetu. Tumefungwa tena. Sita bila!

Timu yetu, timu ya sisi tuliokuja, iko mkiani na imebakiwa na mechi moja. Tukipata hata sare, tunabaki kwenye ligi. Tukifungwa, jina letu linafutwa na kiwanja wanapewa watu wa mpira wa magongo. Kiwanja hicho ndicho mahali pekee mjini humu ninapoweza kutukanwa kwa Kiswahili.

Kocha wa tatu wa msimu huu, mfamasia, amejiuzulu wakati wa mapumziko. Hakuaga. Ameondoka na machungwa ya wachezaji. Kabla yake alikuwa mwalimu wa udereva, ambaye alitaka kila mtu asubiri zamu yake. Kabla ya huyo, kinyozi. Tofauti zao nyingi, mbinu yao moja: kusimama pembeni na kuwapigia mabeki kelele, "Rudi! Rudi!" Mabeki wanapanda vizuri sana. Kurudi, hapana.

Sasa ni zamu yangu. Nimesoma kila kitabu cha soka kilichomo katika maktaba ya mji, na viwili vya vita.

Jumapili, tarehe 5 Machi
Kikao dukani kwa fundi cherehani, mwenyekiti wetu. Nilivaa suti. Nikawaeleza majenerali wa kale walivyopanga vikosi vyao katika pembetatu. Mwenyekiti alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na alipofanikiwa watu walimpigia makofi. Nilidhani makofi ni yangu. Nikainama.

Kura zikapigwa. Nilipata moja, na mwandiko wake ulikuwa wangu.

Aliyechaguliwa ni shemeji! Mdogo wa kike wa marehemu mke wangu. Mwalimu mstaafu wa michezo, sauti ya king'ora. Nikauliza kama kanuni zinaruhusu. Mwenyekiti akasema kanuni zinakataza pia kipa kuvuta sigara langoni, na hilo nalo bado tunalifanyia kazi. Shemeji akanipa mkono na kuniambia nisinune, makunyanzi niliyonayo yananitosha. Dada yake alikuwa na ulimi huohuo. Nilijikuta nacheka, nikajifanya nakohoa.

Jumanne, tarehe 7 Machi
Nina mpango. Anayezishika jezi anaishika timu. Nimejitolea kufua! Shemeji amenishukuru mbele ya watu wote. Maskini, hajui anamkaribisha nani.

Nimezitia zote kwenye mashine. Maji ya moto, ya mwisho kabisa. Kocha mtarajiwa hafanyi kazi nusu nusu.

Jumatano, tarehe 8 Machi
Jezi zimerudi. Zote!

Beki wetu mkubwa, anayeitwa Kabati kwa sababu ndivyo alivyo, alijitahidi kuivaa yake. Ilimfika juu ya kitovu. Akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee wangu, hii ni jezi au sidiria?" Shemeji alicheka hadi akashikilia mlingoti wa goli. "Jamani, angalau timu hii ina kitu kinachojua kurudi!"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Kisha shemeji akauachia mlingoti. Akamwuliza Kabati: akiambiwa "rudi" uwanjani, anasikia nini hasa?

Kabati akakuna kichwa. Akasema kwao, tangu ananyonya, baba yake husema tutarudi, tutarudi, na sanduku limefungwa kamba hadi leo. Kwa hiyo akilisikia neno hilo mwili wake unajua kwamba hakuna haraka. Kipa akasema kwao ni vilevile. Winga akasema vilevile. Wamezaliwa hapa wote, na wote wamelelewa na neno hilo.

Nilisimama na kapu langu la jezi ndogo. Miaka yote hii natembea na neno lile mdomoni, kama jino, na sikuwahi kuligusa kwa ulimi.

Shemeji akalipiga marufuku papo hapo. Kuanzia leo watasikia "Mlango!" Alisema mtu yeyote aliyelelewa na mama akisikia mlango hukimbia kuufunga. Wakajaribu. "Mlango!" Kabati alitimua mbio kama aliyesahau sufuria motoni. Mabeki wote wanne wakajipanga mstari mmoja, ulionyooka kama mshono wa mwenyekiti. Nimeona majengo makubwa maishani mwangu na sikuwahi kuvua kofia. Leo nimevua.

Niliandika kwamba shemeji ana sauti ya king'ora. Naifuta kauli hiyo. Ni tarumbeta.

Ijumaa, tarehe 10 Machi
Nimefikiri. Bila maji yangu ya moto, ugunduzi ule ungetoka wapi? Nikamweleza mwenyekiti huku akiongeza vipande vya kitambaa ubavuni mwa jezi. Akajibu kwamba kwa hesabu hiyo mwizi ndiye aliyevumbua kufuli. Nimelichukua kama sifa.

Jumamosi, tarehe 11 Machi
Mechi! Kona, kichwa cha Kabati, moja bila. Shemeji aliuchezesha mlango ule kipindi kizima, wazi, funga, wazi, funga, na wapinzani wakawa wanagonga tu. Bibi mmoja karibu yangu alikuwa analia. Nilimpa leso, kisha nikaiomba tena, na mimi nijifute.

Dakika za mwisho sauti ya shemeji ikakauka. Alipunga mikono, hakuna aliyemtazama. Wapinzani wanakuja! Nafasi yangu! Nikapanda juu ya kiti, nikavuta pumzi yote ya miaka sabini na minne, nikanguruma: "Rudiiini!"

Kabati akanigeukia kwa upole. Akanipungia mkono, kama anayesema ndiyo mzee, iko siku.

Bao. Moja moja. Filimbi.

Sare! Tumebaki kwenye ligi! Watu walirukaruka, kipa akawasha sigara. Shemeji akaja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu, akaninyooshea kidole, hakuweza kutoa hata neno. Halafu akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika. Dada yake alicheka hivyohivyo.

Nimefunga siku nikiwa nimeridhika. Tulihitaji sare, na sare nimeileta mimi.

Jumapili, tarehe 12 Machi
Shemeji amekuja kunywa chai. Anaongea kwa kunong'ona. Binti yake amemjengea chumba kule kwetu, na mwisho wa mwezi anaondoka. Kweli anaondoka, tiketi nimeiona. Akaniomba tufuatane. "Nyumba ya kaka yako ina nafasi," akasema, "na huku utazikwa na nani, shemeji, na watu wa mpira wa magongo?"

Nje kulikuwa na mvua nyembamba. Nilimtazama, mwanamke aliyeifanya timu nzima iwe na mgongo, na nikajua kwamba sitapata mtu mwingine wa kunitania namna ile.

Kisha nikatambua. Benchi liko wazi!

Nilimmiminia chai ya pili, nikamtakia safari njema kwa moyo wote. Alipotoka nikapiga suti pasi. Msimu ujao nitaufuta mlango na kuwafundisha pembetatu. Mwenyekiti nimeshampelekea salamu. Mimi kwetu sitarudi.