Mama Mkwe, Kuku, na Chupa ya Mafuta ya Giaboksi

Leo nimedhalilika mbele ya ukoo mzima wa wakwe zangu, na kipaza sauti kilikuwepo.

Nawaandikia nikiwa nyuma ya hema la harusi hapa Nagongera. Natafuna limau la pili, na ladha ya mafuta ya gari bado haijatoka ulimini. Nawaeleza kwa mpangilio, hatua kwa hatua, kabla wengine hawajawaeleza kwa mpangilio wao. (Picha zipo. Nimeona simu zikiinuliwa.)

Wengi mnanijua. Kazi yangu ni kliaringi, kutoa mizigo forodhani, hapo Busia. Nimezaliwa upande wa Kenya, nimeoa upande wa Uganda, na siku nzima nakimbia na makaratasi ya malori kati ya pande hizo mbili. Mke wangu alitangulia huku tangu Alhamisi kusaidia kupika, kwa sababu leo binamu yake anaolewa. Baba wa bibi harusi ni marehemu. Wa kumshika mkono na kumwingiza kanisani ni shangazi yake, na shangazi huyo ndiye mama mkwe wangu, anayeishi Lumino alikoolewa.

Ibada saa nne kamili. Saa tano kanisa hilohilo lina harusi nyingine, na mchungaji hana mchezo na saa. Shangazi akichelewa, bibi harusi anaingia peke yake kama mtu asiye na kwao.

"Baba Nekesa," mke wangu aliniambia, "kazi yako ni moja. Mlete mama. Mlete mapema, na umlete akiwa msafi."

Sasa, kwetu na kwao, mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawaangaliani usoni. Hawali pamoja, wala hawasemezani bila mtu wa katikati. Kwa miaka sita nimemjua mama huyu kwa viatu vyake. Kwa hiyo mke wangu alipanga vizuri: mama akae nyuma, shemeji yangu mmoja akae mbele, maneno yapitie kwake. Asubuhi shemeji akapiga simu. Jino limemvimba, hawezi kufungua mdomo.

Mtu wa katikati hakuna.

Lakini kosa langu mimi lilikuwa limekwisha kutendeka saa moja kabla ya simu hiyo.

Gari langu ni la otomatiki, na kwa wiki mbili nimeliona linasitasita. Nikiweka D linafikiri kwanza, kisha ndipo linaondoka. Fundi Barasa, anayelijua gari hili kuliko mimi, alisema huenda mafuta ya giaboksi yamepungua. Akanieleza kwa simu namna ya kupima, nami nikaandika kwenye daftari langu hatua zote saba. Hatua ya kwanza: endesha gari dakika ishirini lipate moto. Ya pili: liegeshe mahali tambarare, injini ikinguruma. Ya tatu: kanyaga breki, pitisha gia zote moja moja, rudi P. Kisha ndipo unachomoa kijiti cha kupimia mafuta, unafuta, unarudisha, unachomoa tena, unasoma.

Mtu wa kliaringi ana ugonjwa mmoja: hawezi kungoja. Sisi tunamaliza makaratasi wakati lori bado liko barabarani. Mzigo ukifika mpakani, kila mhuri umekwisha kugongwa. Hiyo ndiyo sifa ya kazi. Basi leo saa kumi na mbili asubuhi nikalitazama daftari nikaona hatua ya kwanza inapoteza muda. Safari ya Nagongera si italipa gari moto wa kutosha? Nikaihamishia mwishoni. (Ndiyo. Nilipiga mstari na nikachora mshale. Kwa rula.)

Nikawasha gari likiwa baridi kama jiwe la mto, nikapitisha gia, nikachomoa kijiti. Kina alama mbili za chini na mbili za juu. Mafuta yalikuwa kwenye alama za chini. Nikasema, kumbe ni kweli, yamepungua. Nikamimina chupa nzima ya lita moja, yale mekundu, mpaka yakafika juu kabisa. Nikafunga boneti na kuandika kwenye daftari: "Imekamilika."

Alama za chini ni za gari baridi. Za juu ni za gari lililopata moto. Mafuta yakipata moto hupanda. Haya nimeyajua leo saa tatu na nusu, na nitakufa nikiyajua.

Mama mkwe alishuka kwenye teksi ya Lumino kwenye kituo cha mafuta hapo Busia, saa mbili na nusu. Amevaa gomesi ya zambarau, mabega yamesimama kama mbawa, mkanda unang'aa. Chini ya kwapa alikuwa na kuku mwekundu wa kumpa bibi harusi. Nilimfungulia mlango wa nyuma huku nikitazama mtambo wa upepo wa matairi. Akaingia. Nikaondoka.

Tulikwenda kimya mpaka karibu na Tororo. Kimya cha heshima. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kuku," mama mkwe alisema, "hii gari nanuka kama chapati yenye watu wamesahau kwa jiko."

Nilielewa mara moja. Mtu wa katikati alikuwa amepatikana.

"Kuku," nikajibu, macho mbele, "mwambie mama ni matairi ya lori lililotupita."

"Kuku, hakuna lori imepita."

Na kweli hakukuwa na lori.

Tulipita Tororo, tukashika barabara ya Nagongera, na hapo gari likaanza ukaidi. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma kama inapanda mlima, lakini mwendo ni uleule wa baiskeli. Kisha moshi ukaanza kutoka chini ya boneti. Mwanzoni mwembamba, baadaye wa kutosha kukausha samaki.

"Kuku, uliza dereva kama hii moshi pia ni ya lori."

Nikasimama kwenye kijisoko kidogo. Saa tatu na dakika ishirini na tano. Chini ya mti wa mvule walikaa wazee watano wakizunguka chungu cha kongo, pombe yao ya ulezi inayonywewa kwa mirija mirefu. Wote wakanitazama bila kutoa mrija mdomoni.

Nikafungua boneti. Mafuta yalikuwa yamefura povu na kufurika, yakadondokea ekzosi ya moto, lile bomba la moshi, na ndiyo yaliyokuwa yakifuka. Matone mekundu yalikuwa nyuma yetu barabarani kwa mstari ulionyooka. Nikampigia Fundi Barasa.

"Ulipima likiwa moto?" akauliza.

"Nilihamisha hatua ya kwanza."



"Ulihamisha ukaipeleka wapi?"

Nikamweleza. Akaita mtu mwingine gereji aje asikie. Nikaeleza tena. (Nilisikia spana ikianguka.) Walipomaliza kucheka akasema ziada lazima itolewe, la sivyo giaboksi itaungua kabla ya Nagongera. "Tafuta mpira mwembamba, uupitishe kwenye tundu la kijiti, uvute. Ukitoa kama nusu chupa, washa, mtu mmoja akae ndani akanyage breki na kupitisha gia, wewe usome. Hatua ni hizohizo. Usizipange upya."

Mpira mwembamba. Niligeuka nikaikuta mirija mitano, mirefu kuliko mimi, ya plastiki laini, imeelekezwa chunguni.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliona nilikokuwa nikitazama. Akaukumbatia wa kwake.

"Hapana," akasema.

"Mzee, nina shangazi wa bibi harusi ndani ya gari. Harusi ni saa nne."

"Ya mtoto wa nani?"

Mama mkwe akashusha kioo, akamjibu kwa Dhopadhola, lugha yao. Sikuelewa zaidi ya jina la marehemu kaka yake. Mzee akavua kofia. Kumbe alisoma na marehemu huyo. Akaung'oa ule wavu mdogo wa kuchujia uliokuwa kwenye ncha ya mrija, akaufuta mrija kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili.

"Na urudishe leo," akasema. "Bila hiyo mimi nakuwa mtu wa kutazama tu."

Nikaupitisha mrija kwenye tundu. Gari nimelizima, kola ya shati langu jeupe nimeifungua, na mbele ya mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka sita hajaniona hata nikinywa maji, nikainama nikanyonya gari.

Hakuna kilichokuja. Nikanyonya kwa nguvu zaidi. Bado. Wazee wakaanza kunifundisha. "Polepole, wewe. Unavuta kama mtu wa mjini." "Kaza shavu." "Usipige kelele, ni chungu ya watu." Nikakaza shavu kama walivyosema, na mafuta yakafika yote kwa pamoja, ya vuguvugu, mazito, mekundu. Mdomo ukajaa. Shati likapata lake.

"Kuku," sauti ikatoka garini, kwa haraka, "ambia yeye asimeze."

Sikumeza. Nilitema, nikashusha mrija kwenye ile chupa tupu ya asubuhi, yakatiririka kidogo, yakakatika. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara tisa. (Nilihesabu, maana ndivyo nilivyo.) Chupa ilipozidi nusu, nikasimama, ulimi ukiwa umekufa ganzi.

Sasa alihitajika mtu wa kukanyaga breki.

"Wazee wangu," nikasema, "nani atanisaidia?"

"Sisi tumeshaanza," akajibu mwenye kofia, akionyesha chungu. "Mtu wa kongo hakai kwa usukani."

Saa tatu na dakika arobaini. Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe akashuka, akakunja gomesi, akamweka kuku kiti cha abiria, na akaketi kwenye kiti changu. Kiti cha mkwe, bado kina joto la mkwe. Mzee mmoja alijifunika uso kwa mikono, ila vidole vilikuwa wazi.

"Kuku, breki ni gani?"

"Kuku, mwambie mama ni ile pana, ya kushoto. Aikanyage asiiachie."

Aliikanyaga kwa miguu yote miwili, viatu vya kanisani. Gari likawashwa. Nilikuwa mbele ya boneti, miguu hiyo miwili tu kati yangu na kaburi, nikiita gia moja moja kwa kuku, na mama akizipitisha moja moja bila haraka. Gari lilitikisika, halikusogea. Nikachomoa kijiti, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa. Mafuta yalisimama katikati ya alama za juu, safi kama yamepimwa na mganga.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama yametosha."

Nilivaa mrija shingoni, maana mafuta yangeweza kupanda tena njiani, tukaondoka. Gari lilikuwa laini kama siagi. Tulifika kanisani dakika mbili kabla ya saa nne. Bibi harusi alikuwa mlangoni, peke yake, akitazama barabara. Mama mkwe alishuka kabla sijasimama vizuri. Alimwacha kuku kitini, akashika mkono wa yule binti, na kinanda kikaanza.

Nilimaliza kazi yangu. Nilishuka na kuku nikiwa na furaha, na hapo ndipo mke wangu aliponiona.

Tafadhali nitazameni kama alivyonitazama yeye. Midomo myekundu. Shati limechafuka kifuani. Macho yametoa machozi. Natembea kama mtu wa meli, kwa sababu harufu ya yale mafuta ilikuwa imenipanda kichwani. Na shingoni, mrija wa kongo.

"Baba Nekesa," akasema polepole. "Umesimama kwa chungu na mama yangu garini?"

"Nilisimama, lakini..."

"Umenyonya?"

"Nimenyonya, lakini si..."

Akina mama wa kwaya waligeuka. Mmoja alianza kuniombea. Nilitaka kujitetea, lakini shahidi wangu wa pekee alikuwa madhabahuni, na hata angekuwa karibu, hasemi nami. Nilifanya kilichobaki. Nilimwinua kuku.

"Muulize huyu," nikasema.

Sala ikaongezwa sauti.

Nilijificha mpaka chakula cha mchana. Kisha mama mkwe akapewa kipaza sauti amkabidhi bibi harusi zawadi. Alimshika kuku mbele ya watu wote.

"Kuku," akasema, "ambia hawa watu. Nasikia wanasema mkwe wangu amelewa. Hajalewa. Hajaonja kongo hata kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa pale, nimekanyaga breki." Akapumzika. "Alikuwa nanyonya gari."

Hema zima likaanguka kicheko. Bwana harusi alilazimika kushikwa. Mchungaji, asiyecheka, alitoka nje. Na katikati ya kelele hizo, mama mkwe aliinamisha kichwa kwa kuku na kusema jambo moja zaidi, kipaza sauti kikiwa bado wazi: "Lakini mtoto wa kaka yangu hakuingia peke yake. Ambia yeye asante."

Kwa hiyo sina neno. Nimesafishwa, na jina jipya nimepata. Jioni napita kurudisha mrija, na najua wale wazee wananingoja.

Ombi langu ni moja. Mkitaka kunicheka, fuateni desturi ya kwetu: msinicheke usoni, pitieni kwa kuku. Ila fanyeni haraka, maana nimesikia kesho kuku huyo anapikwa kwa ajili ya maharusi.