Gauni la Mwanamke wa Shaba

Mwaka 1998, nikiwa na miaka thelathini na minane, vita na njaa vilinitoa Likasi, mji wa shaba kule Kongo, na shati moja mwilini. Hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Nilidhani aibu zote za maisha nilizimaliza miaka ile, nikisukuma toroli la vyuma chakavu katikati ya magari ya Johannesburg. Kumbe moja ilibaki. Ilikuwa inanisubiri sebuleni kwangu. Leo imenikuta.

Wandugu wa grupu, someni taratibu. Shule sikuimaliza, naandika ninavyosema.

Leo wakwe walikuja. Binti yangu Chantal amepata mchumba, Mutua, Mkenya. Wazazi wake wanakaa Midrand. Baba ni mtu wa benki (hata sauti yake imepigwa pasi). Mama hakuutaka uchumba huu tangu mwanzo. Alikuja kututazama kwa macho yake, halafu aseme ndiyo au hapana. Wiki nzima Chantal hakulala vizuri.

Sasa, sebuleni nina kinara cha mishumaa. Kikubwa, cha shaba iliyogeuka nyeusi, kazi ya Wafaransa wa zamani. Chini kimeandikwa Paris. Ni mwanamke amesimama, mkono mmoja umeshika zabibu, mwingine umeinua matawi matano ya mishumaa. Nilipewa na watoto wa marehemu mmoja walioniita niondoe vyuma kwenye nyumba ya baba yao. Nikakipeleka kwa mnunuzi. Akakitupa juu ya mizani, akasema kesho kinayeyushwa. Nikamtazama yule mwanamke usoni. Mimi mtu wa Likasi, nimezaliwa kwenye shaba, lakini shaba yenye kope sikuwahi kuona! Nikambeba, nikarudi naye nyumbani.

Tatizo lake ni moja. Hana nguo.

"Papa Chantal," mke wangu aliniambia asubuhi, "wakwe waingie wakute mwanamke uchi?"

"Si mwanamke, ni shaba."

"Shaba gani ina matiti?"

Mke wangu ni fundi cherehani. Akachukua mabaki ya satini ya harusi, buluu na nyeupe, akamshonea gauni refu na kitambaa cha kichwa. Gauni likamfunika hata kibabu mmoja mdogo wa shaba, mwenye miguu ya mbuzi, aliyemkumbatia goti. (Wafaransa wana mambo yao. Mimi sikuuliza.)

Wageni wakaingia, Mutua na wazazi wake. Mama Mutua akakiona kinara, akasimama. Akapiga ishara ya msalaba.

"Mzee! Kumbe nyumba hii inamheshimu Mama Maria hivi! Na mimi niliambiwa nyinyi ni wa yale makanisa ya kupiga kelele."

(Sisi ni wa yale makanisa ya kupiga kelele.)

Nafasi ya kusema ukweli nilikuwa nayo. Lakini nilimwona Chantal amebana pumzi, na uso wa yule mama umelegea kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Ndiyo, mama. Ametoka Ufaransa."

Mke wangu akakohoa.

Mambo yakaenda vizuri. Tukala bukari, wao wakaiita ugali, tukabishana na kucheka. Nje mawingu ya mvua yakafunga, mchana ukawa giza. Halafu pap! Umeme ukaondoka.

"Eish," akasema Mutua, "leo ni zamu yenu ya kukatiwa?"

"Hapa kwangu hakuna giza!" nikasema. (Kiburi, wandugu.) Nikawasha mishumaa yote.

"Hii ni kazi safi sana, mzee," akasema Baba Mutua.

Kifua kikanipanuka. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Upepo wa mvua ukaingia, ukarusha kitambaa cha kichwa juu ya mshumaa. Satini haiungui, satini inakimbia! Kabla sijasimama moto ulikuwa umefika kiunoni.

"Mama Maria anaungua!" Mama Mutua akapiga kelele.

Nikadaka jagi la juisi ya tangawizi, nikamwaga lote. Moto ukazima. Gauni likaanguka.

Mwanamke wa shaba akabaki amesimama, amelowa, anang'aa kwa mshumaa mmoja uliobaki. Zabibu mkononi. Hakuna kingine. Na pale gotini yule kibabu wa miguu ya mbuzi, anacheka na meno yote.

 

Mama Mutua akainama, akatazama kwa makini. "Mzee," akasema polepole, "na huyu wa miguu ya mbuzi ndiye Yosefu?"

Nilitaka ardhi inimeze. "Mama," nikasema, "nimekudanganya. Huyu mwanamke simjui. Nilimtoa kwenye vyuma chakavu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Walitaka kumyeyusha, nikamhurumia."

Baba Mutua akainuka. Nikajua wanaondoka. Chantal akafunga macho. Yule mzee akavua koti lake la suti, akamvika mwanamke wa shaba mabegani, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Mtu haachwi hivi mbele ya watu," akasema, akaketi.

Mama Mutua akacheka mpaka akajifuta machozi. "Kumbe ukweli mnao," akasema, "ila lazima mchomwe moto kwanza! Baba Chantal, tutarudi na wajomba, tuzungumze mahari."

Wameondoka sasa hivi. Nimekaa namtazama. Kumbe toroli halikunitia aibu hata siku moja, hata nilipopigiwa honi na kutukanwa. Leo, kwa ajili ya tai moja tu ya mtu wa benki, nikatafuta satini ya kujifunika. Sijui kwa nini. Bado nafikiri.

Anayetaka kucheka acheke kwake, asiniandikie hapa.

Leo nina nyumba Rosettenville, hapa hapa Johannesburg. Bakkie moja, pikapu ya kubebea vyuma. Yadi ya vyuma. Mke, fundi cherehani. Binti, anaimba jikoni. Kinara kimoja cha Kifaransa, kinanuka tangawizi. Na koti la suti ambalo si langu.